Kwa nini nilimchunguza mtoto wa nyumbani kabla ya kumpangisha

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwenu wote mlioko Mtwara mjini, Mikindani mpaka Lindi.

Malalamiko yenu yamenifikia kwa njia tatu. Mama alinipigia simu usiku. Mjomba akatuma sauti ya dakika sita kwenye kundi la familia. Halafu jirani yetu wa Chikongola, baba wa kijana mwenyewe, akaniandikia: "Mwanangu, umemtoza mtoto wetu dola 45 ili umchunguze kama mwizi, kisha ukamwandikia barua ya kumnyima nyumba. Nyumba ukampa mtu baki. Tumekukosea nini?"

Mzee yule amenilisha nikiwa mdogo, na maneno yake yameniuma. Nimekaa nayo wiki nzima. Nawajibu wote kwa pamoja kwa sababu kila mwaka kuna kijana mwingine anayefunga begi kuja huku Marekani, na jambo hili litamkuta. Kijana nimemwomba ruhusa. Amesema nieleze yote, ila jina lake na habari za mikopo yake nisizitaje.

Nyumba yangu hapa Columbus, Ohio, ina milango miwili. Upande mmoja naishi na wanangu, wa pili napangisha kwa dola 1,200 kwa mwezi. Msiione hiyo kuwa faida. Nyumba nimenunua kwa mkopo wa benki, na kodi hiyo ndiyo inayolipa zaidi ya nusu ya rejesho langu. Mpangaji asipolipa miezi miwili, mimi ndiye ninayetafutwa na benki.

Kwetu tunachunguzana pia, ila tunatumia midomo. Ukitafuta chumba Shangani au Magomeni, dalali anakupeleka kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakuuliza: kwenu wapi, unafanya kazi gani, unaishi na nani? Akikutilia shaka anamuuliza mjumbe, au anataka barua ya mwenyekiti wa mtaa ulikotoka. Baada ya hapo unalipa kodi ya miezi sita au mwaka, dalali anachukua yake ya mwezi mmoja, unahamia. Ile kodi ya mkupuo ndiyo dhamana ya mwenye nyumba. Huku watu wengi wanalipa mwezi kwa mwezi, na hakuna mjumbe wa kumuuliza. Mwenye nyumba amebaki na karatasi tu.

Karatasi hiyo tunaiita bakgraundi. Mwombaji anajaza fomu: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba yake ya hifadhi ya jamii (Social Security), alikoishi, anakofanya kazi. Anasaini kwamba ameridhia kuchunguzwa, analipa ada, na kampuni inayofanya kazi hiyo inakusanya habari zake. Inatazama faili lake la mikopo, ambalo mara nyingi linatoka kwa moja ya kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, na alama zake za uaminifu wa kulipa madeni, zinazoanzia 300 hadi 850. Inatazama kama aliwahi kufunguliwa kesi ya kutolewa kwenye nyumba. Inatazama kesi za jinai. Ripoti inaweza kumfikia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Ile dola 45 inakwenda kwa kampuni hiyo. Mimi sikubakiwa na senti.

Sasa swali la mjomba: "Huyu unamjua tangu anatambaa, unamchunguza nini?"

Tangazo langu lilipata maombi matano kwa wiki moja. Wanne siwajui, wa tano ni wa kwetu. Ningewachunguza wale wanne na kumpitisha wa kwetu bila fomu, ningekuwa nimewapima watu kwa walikozaliwa. Marekani ina sheria ya makazi ya mwaka 1968, iliyosainiwa wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kumbagua mpangaji kwa rangi, dini au taifa la asili. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988. Ni kweli sheria hiyo inamlegezea kidogo mwenye nyumba mdogo anayeishi kwenye jengo lilelile, lakini haimlegezei kwenye tangazo, na kwa upande wa rangi kuna sheria ya zamani zaidi, ya 1866, isiyomsamehe mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kunyimwa nyumba hapa mjini na mtu aliyebadilika sauti aliponiona. Siwezi kumfanyia mwingine hivyo kwa kisingizio cha undugu. Wote watano walijaza fomu moja, walilipa ada moja, na vigezo niliviandika kabla sijapokea ombi hata moja.

Nyie ni watu wa korosho, mtanielewa. Gunia likifika ghalani haliulizwi ni la mtoto wa nani. Linapimwa unyevu, linapimwa ubora, linapewa daraja. Karani akianza kutazama sura, mnajua wenyewe vurugu itakayotokea.

Ripoti ya kijana ilipokuja nilishtuka. Ilionyesha kesi ya kutolewa nyumbani ya mwaka 2017, katika jimbo jingine kabisa, kwa jina lake. Mwaka 2017! Mwaka ule alikuwa kidato cha tatu hapo Mtwara, na mimi ndiye niliyemtumia hela ya viatu. Nilimpigia simu palepale. Aliapa hajawahi kukanyaga jimbo lile, na nilimwamini kabla hajamaliza kuapa.

Kosa lilitokea kwenye jina. Sisi jina ni la kwako, la baba na la babu, na huko pwani ya kusini majina yanazunguka yaleyale. Ukifika huku, fomu inataka jina la kwanza na la mwisho. La baba linaachwa katikati au linatupwa. Wewe uliyekuwa na majina matatu unabaki na la kwako na la babu, na watu wenye majina hayo mawili Marekani nzima ni wengi kupita kiasi. Kampuni ikilinganisha majina bila kuhakikisha tarehe ya kuzaliwa, inakubandika kesi ya mtu usiyemjua. Jambo hili linafahamika: Novemba 2021 ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilitamka kwamba kulinganisha majina peke yake hakutoshi. Ila makosa yangali yapo, na aliyeandikwa vibaya ndiye anayebaki kuhangaika.

Mtaniuliza: kama ulijua ripoti ni ya uongo, mbona hukumpa nyumba? Hapa nawaambieni ukweli mtupu. Kigezo changu kingine kilikuwa kipato, angalau mara tatu ya kodi, kama wanavyotaka wenye nyumba wengi huku. Tatu kwa 1,200 ni 3,600. Kijana analipwa dola 18 kwa saa kwenye bohari, saa 40 kwa wiki, inafika kama dola 3,120 kwa mwezi kabla ya kodi ya serikali. Ukitoa kodi hiyo, gari, bima, na anachotuma nyumbani, angelemewa kabla mwaka haujaisha. Mjomba anasema ningemdhamini. Mimi ndiye mwenye nyumba, nimdhamini kwangu mwenyewe? Na akishindwa, ningempeleka mahakamani mtoto wa mzee aliyenilisha? Walioipata nyumba ni mke na mume, wote wanafanya kazi, na kipato chao kilitimia. Uamuzi huo ulikuwa mgumu kwangu, lakini leo pia ningeufanya.

Sasa njooni kwenye barua, maana ndiyo iliyowaudhi zaidi.

Kuna sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za namna hii. Inasema mwenye nyumba akimkataa mtu, na ripoti ikawa imechangia hata kidogo, lazima amjulishe. Amtajie kampuni iliyotoa ripoti, anwani yake na simu yake. Amwambie kwamba uamuzi haukufanywa na kampuni hiyo, kwamba ana siku 60 za kuomba nakala ya ripoti bila malipo, na kwamba ana haki ya kuipinga. Kwangu kilichoamua ni kipato, lakini ripoti nilikuwa nimeshaisoma, sikutaka kubahatisha. Sheria inakubali hata kumwambia kwa mdomo, lakini mimi nilimwandikia, kwa sababu maneno ya simuni hayashikiki. Kwa hiyo, baba yangu, barua ile haikuwa ya kumdhalilisha mtoto. Ni stakabadhi yake. Mkulima akipeleka gunia ghalani halafu daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, likamwandika mwingine mwenye jina kama lake, anakwenda kudai akiwa na nini mkononi?

Kijana alifanya hivyohivyo. Aliomba nakala yake. Tulikaa mezani kwangu Jumapili moja, tukaandika pingamizi, tukaambatanisha nakala ya pasipoti na rekodi ya siku aliyoingia Marekani. Kampuni inatakiwa kuchunguza, kwa kawaida ndani ya siku 30. Wiki ya tatu walimjibu kwamba kesi ile imeondolewa kwenye faili lake. Sasa anakaa na mwenzake, wanagawana kodi, na mwenye nyumba wao alipoagiza ripoti, ilitoka safi. Angekuja kwangu kwa undugu bila fomu, kesi ya mtu mwingine ingekuwa bado imemkalia kichwani, akaigundua mwaka wa tatu akiwa na mke na mtoto mchanga.

Nasema hivyo kwa sababu mimi yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza niliomba nyumba tatu, nikalipa ada tatu, dola 50 kila moja, na mara zote jibu lilikuwa "pole, imeshachukuliwa". Hakuna aliyenipa barua. Nililala kwenye sebule ya Msomali mmoja, Mungu ambariki, nikidhani tatizo ni Kiingereza changu. Miaka miwili baadaye ndipo nilipoona deni la hospitali la mtu mwingine kwenye faili langu. Tena tarehe yangu ya kuzaliwa iligeuzwa: sisi tunaanza na siku, wao wanaanza na mwezi, na mimi niliijaza fomu kama nilivyofundishwa shuleni. Barua moja tu ingeniokolea miaka hiyo miwili. Ndiyo maana mimi siwezi kumkataa mtu kimyakimya.

Kwa wanaojiandaa kuja, jueni kwamba ripoti hizi hazifiki Tanzania. Ulilipa kodi Mtwara miaka kumi bila kuchelewa? Haimo. Faili tupu si faili baya, lakini mwenye nyumba mwenye haraka anaweza kuyaona yote mawili sawa. Njoo na barua ya kazi ukiwa nayo, weka hati za mshahara kuanzia wa kwanza, chukua ile kadi ya benki ya mkopo mdogo unayoiwekea dhamana yako mwenyewe, dola 200 hivi, uitumie na kuilipa kila mwezi. Jina liandike namna moja kila mahali, kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukiwa "Saidi", usiwe "Said" kesho yake. Faili lako la mikopo unaweza kulitazama bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com, kwa kampuni zote tatu. Litazame kabla ya mwenye nyumba. Deni ulilolitelekeza linaweza kukaa humo miaka saba, kufilisika hadi miaka kumi, na hukumu ya jinai sheria kuu haijaiwekea kikomo. Na kesi ya kutolewa nyumbani inaweza kuonekana hata kama ilifutwa, maana kinachoandikwa ni kufunguliwa kwake. Ukiona huwezi kulipa, zungumza na mwenye nyumba kabla hajakwenda mahakamani. Hapa Ohio, kwa kawaida notisi ya kwanza ya kuondoka ni ya siku tatu tu.

Na yeyote anayekuomba ada kabla hujaiona nyumba kwa macho, achana naye.

Mama ameniuliza kama ripoti ya kijana bado ninayo, isije ikaonekana na watu. Sinayo. Niliipitisha kwenye mashine ya kuchana karatasi. Sheria inataka hivyo, na hata isingetaka ningeichana.

Baba, nimesikia mdogo wake naye amepata viza na anakuja. Huyo hatajaza fomu yoyote kwangu. Ni mgeni, na chumba cha juu kipo wazi. Nitumieni tarehe ya ndege na mji anakobadilishia. Aje na koti zito, na vyeti vyake avibebe kwenye begi la mkononi.