Moshi wa sigara hauui mafua

SWALI: Asalamu alaikum, Bi Daktari. Tukienda dago, kambi ya uvuvi, tunalala banda moja, mimi na mdogo wangu, na mafua yakiingia hatusalimiki sote wawili. Yeye havuti, siku ya tatu yuko baharini. Mimi wiki nzima nakohoa, kifua kinakoroma. Wenzangu wanasema sigara inaua vidudu, hata wakati wa korona wavutaji hawakuguswa. Ni kweli?
Mvuvi, Kojani

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Jibu unalala nalo banda moja! Ule uvumi wa korona ulianzia mbali: mwaka 2020 madaktari fulani wa Ufaransa waliona wavutaji wachache wodini, wakadhani nikotini inakinga. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema mvutaji akiugua korona huzidiwa kuliko asiyevuta. Habari ya kwanza ilifika Kojani. Ya pili, naona, ilizama njiani.

Kwa homa ya mafua ushahidi ni wa zamani. Utafiti uliochapishwa 1982 uliwaangalia vijana 336 wenye afya njema wa kikosi kimoja cha jeshi la Israel. Homa ilipopita kambini, katika kila wavutaji 100 waliugua kama 69, wasiovuta, 47. Nusu ya wavutaji iliwaangusha vibaya, wasiovuta 30 tu kwa 100. Na hao ni vijana, si wazee.

Ndani ya njia ya pumzi mna vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kasia kwa pamoja, kusukuma kamasi na uchafu kuja kooni. Moshi huvilegeza, ukiendelea huviharibu, na kamasi huzidi. Virusi vikiingia havipati wa kuvitoa. Kile kikohozi chako cha alfajiri, kabla hujapiga mswaki, ni kifua kinafanya kwa nguvu kazi iliyovishinda vinyweleo.

Ukiacha, vinarudi. Wiki za mwanzo huenda ukakohoa zaidi, usishtuke. Kukohoa hupungua kati ya mwezi 1 na 9. Wala usiniambie huwezi, Ramadhani unakaa tangu alfajiri mpaka magharibi (ingawa najua ukishafuturu unaziunga tatu).

Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, usivute ndani: moshi wako unamletea naye maradhi ya kifua. Ukipumua kwa shida au ukitema damu, usingoje dago liishe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kikohozi kikizidi wiki 2 kapime makohozi, maana kifua kikuu nacho huwaandama wavutaji.