Asilimia 40, na watoto chini ya mti

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo. Jioni ya kuamkia siku yetu ya riadha, utabiri ulisema kuna uwezekano wa asilimia 40 wa mvua ya ngurumo mchana. Asubuhi jua likawaka, hakuna hata wingu, tukaendelea. Saa nane na nusu radi ikapiga, mvua ikamwagika, watoto wakakimbilia chini ya mti. Shule ya jirani, kilomita 5 tu, haikupata hata tone. Wenzako wanabahatisha?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hawakubahatisha. Asilimia 40 maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama ile, uwanja wenu utapata mvua siku 4 hivi. Haisemi itanyesha kiasi gani. Wengi husoma asilimia ndogo wakaelewa mvua ndogo, na hapo ndipo wanaponaswa.

Lile jua la asubuhi ndilo lililoipika mvua. Majira ya machipuko ardhi hupata joto upesi ilhali hewa ya juu bado ina baridi, basi hewa yenye unyevu ikishaanza kupanda haizuiliki. Bandika sufuria ya maji motoni: unajua yatachemka, lakini povu la kwanza litatokea upande gani? Wingu moja la radi huweza kumaliza maisha yake ndani ya saa moja bila kufika mbali, ndiyo maana jirani zenu walibaki wakavu.

Kwa hiyo utabiri wa jioni unakuambia ujiandae. Wa saa sita mchana, pamoja na picha za rada, mtambo unaoonyesha mvua ilipo, ndio unaokuambia uamue. Nimekaa zamu ya utabiri miaka 18. Nimewahi kuacha doa dogo la kijani, yaani mvua nyepesi, kwenye rada nikaenda kumimina chai, na niliporudi lilikuwa jekundu katikati, yaani mvua kubwa.

Lakini kilichoninyima usingizi katika barua yako ni ule mti. Radi ikipiga mti, umeme hushuka na shina, humrukia aliyesimama karibu na kusambaa ardhini hadi kwenye miguu ya wengine. Afadhali watoto wangelowa wakikimbilia madarasani. Basi lenye bodi ya chuma, madirisha yamefungwa, nalo linafaa. Turubai halifai.

Sauti husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi, na watoto hupenda kuhesabu tangu mmweko hadi ngurumo. Wahesabie ndani. Ngurumo ikishasikika, hata kwa mbali, radi inaweza kuwafikia. Msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, anzeni upya.

Siku ijayo ya riadha, mteue mtu mzima mmoja asiyesimamia mbio wala kugawa maji. Kazi yake iwe anga, rada kwenye simu, na filimbi ya kusimamisha kila kitu.