Re: Bafuni nianze na tailizi, silingi au rangi?
Mkuu, umesema mabomba na plasta tayari, unauliza kinachofuata ni silingi, rangi au tailizi. Kabla ya vyote hivyo pima mabomba kwanza, ziba njia zote, fungulia maji yakae na presha usiku kucha, maana yakivuja leo unachimbua plasta tu ila yakivuja baadae unavunja tailizi. Halafu paka dawa ya kuzuia maji sakafuni na ukuta wa shawa, ikikauka ziba tundu la kutolea maji, jaza maji kidogo sakafuni masaa 24 uangalie. Tafadhali usiruke hii, kwangu fundi aliiruka na ukuta wa chumba cha jirani ukaanza kubabuka rangi, iliniuma sana.

Hapo ndo silingi, skimu (ile plasta laini ya kusawazisha ukuta) na rangi mkono wa kwanza. Tailizi anza ukutani ila acha mstari wa chini, umalizie baada ya sakafu, na sakafu iinamie tundu kama sentimita 1 hadi 2 kila mita. Grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya tailizi, kesho yake. Kisha rangi ya mwisho, mlango, choo, sinki, taa, silikoni ya kuziba kwenye maungio mwisho kabisa na msioge humo mpaka ikauke siku nzima.