Kabla hujamwaga methanoli, jua unasaga nini

Wadogo zangu mnaoanza kemia ya mimea hapa Tanga, mwezi wangu wa kwanza maabara uliliwa na okidi isiyo yenyewe. Muuza maua aliniambia ni Dendrobium nobile, nikamwamini. Nikakata mashina, nikakausha, nikasaga, nikaloweka kwenye methanoli. Nikadondoshea maji yake kwenye bamba la silika, nikalipulizia kitendanishi cha Dragendorff na kusubiri doa la rangi ya chungwa, dalili ya alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nitrojeni. Bamba likabaki njano tupu. Kumbe nilikuwa nimesaga chotara; okidi nyingi za vyungu ndivyo zilivyo.

Nobile halisi kwao ni Himalaya, kusini mwa China, hadi Thailand na Vietnam. Huota juu ya miti bila kuinyonya. Wachina hutumia shina lake kama dawa, shihu, na alkaloidi yake kuu ni dendrobini, C16H25NO2. Farmakopea ya China, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka shina kavu liwe na dendrobini isiyopungua asilimia 0.40. Pigeni hesabu: gramu 10 za unga, miligramu 40 tu. Hizo unazipoteza kwenye karatasi ya chujio huku unapiga soga.

Kwa hiyo, kuhakikisha ni nobile kweli kabla ya kusaga, subirini ua: petali nyeupe zenye ncha za zambarau, kooni doa jeusi-jekundu. Hapo ndipo penye kazi, maana joto la Tanga mjini halilitoi. Mmea huu unataka miezi ya baridi na ukavu. Ukiumwagilia na kuutilia mbolea mwaka mzima unakupa vichipukizi badala ya maua. Chungu changu nilikipeleka kwa wifi yangu Lushoto, milimani kwenye baridi, kikakaa barazani kipindi chote cha kipupwe. Alitaka kukata mashina yaliyopukutisha majani, akidhani yamekufa. Nikamzuia, maana maua hutoka humo humo.

Shina bichi lina utelezi kama bamia. Ni polisakaridi, minyororo mirefu ya sukari, na ukichemsha kwa maji chujio linaziba. Masika msikaushe dirishani, ukungu utawatangulia. Tumieni oveni, nyuzi 50 hivi.

Na kama mnaagiza mmea kutoka nje, vibali kwanza: okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukishaupata, bandika lebo chunguni, nyingine kwenye chupa ya unga. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu methanoli inaufuta. Chupa yangu moja bado ipo kabatini, haina jina.