Kaka anatibiwa akili, kiuno wanampimia nini?

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, anameza dawa ya olanzapine kila usiku, huu mwaka wa pili. Siku zote kliniki wanamuuliza kama analala na kama bado anasikia sauti, basi. Safari hii daktari mgeni kamvua shati, kampima kiuno kwa futi ya fundi nguo, kamwandikia vipimo vya sukari na mafuta. Kaka kakasirika. Kuna haja kweli? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Jibu: Marahaba. Haja ipo, na huyo daktari mgeni msimwache.

Olanzapine hutuliza sauti vizuri, lakini huleta njaa: mtu anamaliza sinia la wali na bado anaulizia ukoko. Kiuno kinatanuka, sukari na mafuta vinafuata. Ndiyo maana uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta hupimwa kabla ya kuanza dawa, baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Mzani apande kila anapokuja. Kama alianza na kilo 60 na sasa amevuka 63, muulizeni daktari kuhusu kubadilisha dawa. Asiiache mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao huondoka kwa maradhi ya mwili.

Na kosa ni letu pia wahudumu: kila kelele tunaihesabu akili, mwili tunausahau. Niliwahi kuletewa kijana amefungwa kamba, anapiga kelele, ndugu wanasema "yamemrudia". Sindano ya usingizi ilikuwa tayari mkononi mwa nesi. Nikamgusa chini ya kitovu: pagumu kama dafu. Alikuwa hajakojoa tangu jana yake. Alikuwa anatumia Artane, ile tunayowapa waliokakamaa mwili kwa haloperidol, dawa nyingine ya akili, na Artane huweza kuziba mkojo. Tukamwekea mpira wa mkojo, ukatoka zaidi ya lita. Akanyamaza, akaomba chai. Kamba zikafunguliwa.

Kaka yako ana haki ya kukasirikia jambo moja: alipaswa kuelezwa, akakubali, ndipo avuliwe shati. Mwambieni daktari hivyo, kwa adabu.

Kipimo cha sukari aende na njaa ya usiku kucha, maji tu. Kwa mtu wa Tanga, asubuhi mahamri yananukia kila kona, hilo ndilo gumu. Mpeleke mapema, na chai yake ibebe kwenye chupa, anywe akishatolewa damu.