Ukimuota aliyekufundisha kazi, usikimbilie kusema kakubariki

Huku kwetu Tanga ukisema tu "jana nimeota", kabla hujaendelea anayekusikiliza ashajibu "kheri", yaani anaifungulia ndoto mlango mzuri kabla hajajua imebeba nini. Mimi siku yangu nilijiitikia kheri mwenyewe, nikajitafsiria mwenyewe na hasara nikala mwenyewe.

Nashona Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, mwaka wa 11 huu. Kazi nimefundishwa na mama mmoja mtu mzima tulikuwa tunamuita Bi Fundi, Mungu amrehemu. Hata mkasi naushika kama alivyokuwa akiushika yeye, kidole cha shahada kimenyooka nje, wateja wa zamani wakiniona wanacheka. Sasa kama miaka miwili baada ya msiba nikaletewa oda ya sare za shule, gauni na mashati jumla 120, ila pesa yote mpaka nikabidhi mzigo, ya kutanguliza hamna hata senti. Wiki nzima sina raha, nikubali, nikatae, nalala nalo naamka nalo. Basi usiku mmoja nikamuota Bi Fundi, kakaa barazani kwake na kanga yake, nikamwambia shikamoo akaitika marahaba, akatabasamu, akaninyooshea ule mkasi wake mweusi mzito. Neno lingine hakusema. Nakuja kushtuka adhana ya alfajiri hiyo, machozi yananitoka, nikasema huyo karidhia.

Kulipokucha nikakopa kwenye kikoba, nikaenda kununua majora ya tetroni. Nikashona usiku na mchana, nikakabidhi, halafu nikaanza kuzungushwa, njoo Ijumaa, mhasibu kasafiri, mara sijui hesabu hazijafungwa, miezi saba! Mwisho nikapata nusu na kikoba kinanidai na riba juu. Jina lao naliacha.

Lakini kilichoniuma kuliko pesa nilikuja kukigundua baadae, siku hiyo nakata gauni la mteja na nimeshamwambia kama ninavyowaambia wote, "nusu mkononi ndo nikate". Nikasimama na mkasi hewani. Haya maneno si ya Bi Fundi? Miaka sita nimekaa pembeni yake nayasikia kila siku, hata shemeji yake mwenyewe alikuwa hamkatii kitambaa bila nusu, na ugomvi wa Idi moja nilikuwepo. Sasa iweje mtu huyohuyo aje usingizini aniambie nikate nguo 120 za bure? Yule wa barazani alikuwa mimi mwenyewe na tamaa zangu, nimejifunga kanga yake.

Na msidhani sikuuliza watu, niliuliza, ila baada ya kuharibikiwa. Shoga yangu akasema mkasi ni kukata, mchunge mumeo, akaniachia na presha nyingine ambayo sikuwa nayo. Mama akasema marehemu anataka dua, nikapika ubwabwa watoto wa madrasa wakaja wakasoma, hilo silijutii hata kidogo kwa sababu dua anastahili umuote usimuote. Kuna mmoja alitaka elfu 30 "amuite" nimuulize mwenyewe, hapo niliaga.

Aliyenisaidia ni ustadhi wa mtaani kwetu. Kwanza hakuitafsiri, akaniuliza "dada yangu, ulilala ukiwaza nini?" Nikamwambia sare. Akacheka. Akasema Mtume kafundisha ndoto ziko za aina tatu, ya kheri inayotoka kwa Mungu, ya kutia huzuni inayotoka kwa shetani, na ile mtu anayojizungumzia nafsini mwake. Halafu akaniambia kitu sijakisahau, kwamba yapo maneno ya Mtume kuwa anayemuona yeye usingizini kamuona kweli, shetani hawezi kujifananisha nae, "lakini dhamana hiyo ni yake yeye, fundi wako hakupewa". Nilikaa kimya. Akanisimulia na kisa cha Ibn Sirin wa Basra, huyo ambaye vitabu vya tafsiri za ndoto vinauzwa kwa jina lake ingawa wanazuoni wengi wanasema hakuviandika yeye. Inasimuliwa walimjia watu wawili, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akamwambia utaenda kuhiji, mwingine akamwambia wewe mwizi, kwa sababu aliwatazama wenyewe wakoje. Ndoto moja, majibu mawili! Kwahiyo yale mambo ya "ukiota mkasi maana yake hivi" mi siku hizi nayapita tu kwenye simu. Na istikhara, ile sala ya kumuomba Mungu akuongoze kwenye jambo unalosita, nayo akanisahihisha, nilidhani ukishasali rakaa mbili na dua yake lazima uote, kumbe sharti la ndoto halimo, unaomba halafu unaendelea na shauri lako na kuuliza wanaojua.

Habari ya ndoto ya alfajiri kuwa ndo ya kweli, mimi nina maelezo yangu. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na sehemu ya ndoto nyingi inarefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Sasa adhana ikikukatisha hapo katikati unaikumbuka yote na rangi zake, ila kuikumbuka sana hakuifanyi iwe kweli.

Mdogo wangu wa kiume yuko bandarini na anaandika mashairi, mazuri tu sio kwa sababu ni ndugu yangu. Mwaka jana akaja mbio, dada nimemuota Shaaban Robert, kaniambia acha kazi uandike. Tena akapanda gari mpaka Machui kaburini kumzuru! Nikamwambia haya, maisha yake unayajua? Shaaban Robert kazaliwa 1909 hukohuko Vibambani, na tangu 1926 alikuwa karani wa serikali, forodhani kwanza, baadae idara ya wanyama, ofisi ya wilaya hapa Tanga, ofisi ya upimaji, mpaka 1960, na kafariki 1962. Vitabu vyake vingi kaandika na ukarani juu. Mtu aliyeshikilia mshahara miaka thelathini na kitu aje akwambie wewe uache wa kwako? Dogo akanuna siku mbili. Kazini yupo na mashairi anaandika.

Ndo ninachofanya sasa na ndicho nakushauri. Ukimuota mtu unayemfuata, mzazi, mwalimu, fundi, yeyote, iandike hapohapo kabla hujanawa uso maana inapotea, halafu kumbuka alipokuwa macho angesemaje kwenye jambo hilohilo, sio kwa ujumla, hilohilo. Vikipingana, shika la macho. Na usimsimulie kila mtu, ya kheri mwambie anayekupenda, mbaya nyamaza tema mate kushoto ugeuke ubavu.

Mwezi uliopita nimemuota tena, safari hii anafumua pindo nililoshona mimi, kimya, anafumua tu. Na mimi nilikuwa naumiza kichwa nichukue fremu kubwa ya duka au nibaki nilipo. Sikutafsiri. Nikaenda kwa shoga yake wa zamani, bibi mmoja fundi vilevile, macho hayaoni vizuri tena lakini akili zote zipo. Nikamsimulia ndoto, akasema kheri. Nikamsimulia na fremu, akasema, "Lete daftari la mauzo nisomewe." Nikamwambia bibi, daftari sina, nahesabu kichwani. Akaguna, akamwita mjukuu wake alete daftari lake la shule la mwaka jana, akapapasa kurasa zilizoandikwa akazichana zote, akanikabidhi zilizobaki na kalamu ya risasi.

"Anza na ya leo," akasema, "umeuza nini?"