Jumuiya si adhabu, ila kuna siku mimi niliigeuza ikawa adhabu

Tumsifu Yesu Kristo, mkuu.

Kwa anayeingia sasa: jamaa amehamia Dar kutoka Mwanza kikazi. Jumapili hakosi Misa, ila anasali parokia yoyote iliyo karibu na zamu yake ya kazi. Sasa anataka kufunga ndoa, na paroko kamrudisha kwa mwenyekiti wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, ambaye hamjui hata kwa sura. Anauliza: Misa nasali, sadaka natoa, hiyo jumuiya ya nini tena?

Mimi ni katibu wa jumuiya huku Kimara, huu mwaka wa saba. Kabla ya hapo nilikaa Dar miaka mitatu nikisali kama wewe, leo Mtakatifu Yosefu mjini, wiki ijayo kokote daladala litakakonishusha. Kwa hiyo sikuzodoi.

Kwa upande wa Misa huna kosa. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema amri ya kuhudhuria Misa unaitimiza popote inapoadhimishwa kwa madhehebu ya Kikatoliki, iwe siku yenyewe au jioni ya siku iliyotangulia. Ukisali Jumamosi jioni Mbezi au Jumapili alfajiri Kurasini, umesali. Jumuiya ndogondogo hazikutokana na kanuni hiyo. Hizo ni uamuzi wa kichungaji wa maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976 na kukubaliana kwamba Kanisa la huku lijengwe kuanzia kwenye vikundi vya majirani. Waliozaliwa zamani watakumbuka kwamba Tanzania wakati huo ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi, kwa hiyo wazo la majirani kumi na kitu kukutana uani kwa mtu halikumshangaza yeyote.

Sasa ngoja nikueleze wiki yetu ilivyo, maana nadhani unaiona parokia kwa Jumapili tu, na Jumapili ndiyo siku inayoonyesha machache.

Wiki yetu inaanza Jumamosi saa 12 na robo asubuhi, giza bado halijaisha vizuri. Tunasali kwa zamu, kila wiki nyumba nyingine. Mwenye nyumba anatandika kitambaa cheupe kwenye stuli, anaweka msalaba, na mshumaa anausimamisha kwenye kikombe chenye mchele ili usianguke. Viti ni vya plastiki, vingine vya kuazima kwa jirani Mwislamu ambaye siku hizi haulizwi, anavitoa nje mwenyewe Ijumaa usiku. Tunasali sala za asubuhi, tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, tunanyamaza kidogo, kisha kila mtu anasema neno lililomgusa. Hapo ndipo utashangaa. Kuna mama anauza vitumbua, hajawahi kusoma zaidi ya darasa la saba, lakini siku tuliposoma habari ya mjane aliyetoa senti mbili alisema, "Mimi najiuliza, kesho yake alikula nini?" Tukakaa kimya wote. Jumapili padre alihubiri dakika ishirini na tano, na wala hakulifikia swali hilo.

Baada ya hapo ni maombi, sadaka, matangazo, nani mgonjwa, nani kajifungua, zamu ya kufanya usafi kanisani ni ya nani. Saa 1 na dakika kumi tumeshatawanyika, watu wanawahi kazini.

Siku za katikati nitazipita haraka. Misa ya kila siku ni saa 12 na nusu asubuhi, wanaokuja ni wazee, watawa na wanafunzi wachache kipindi cha mitihani. Kwaya wanafanya mazoezi Jumatano na Ijumaa jioni, na mke wangu yumo, kwa hiyo siku hizo mimi ndiye mpishi. Alhamisi jioni kuna kuabudu Ekaristi Takatifu. Kwaresima, kila Ijumaa ni Njia ya Msalaba. Mwezi wa tano na wa kumi ni rozari nyumba kwa nyumba. WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wana siku yao, UWAKA, cha wanaume, nao wana siku yao ambayo, tuseme ukweli, wanaume hatuji. VIWAWA, yaani vijana, wapo, Utoto Mtakatifu wapo, na hao watoto ndio wenye nidhamu kutushinda wote.

Jumapili yenyewe unaijua. Misa ya kwanza saa 12, ya pili saa 2, ya watoto saa 4. Kama zamu ni ya kanda yenu, mnapeleka matoleo: mchele, mafuta, sabuni, ndizi mkungu mzima, na pengine jogoo aliyefungwa miguu ambaye huwika wakati wa kimya kile kitakatifu. Baada ya Misa kuna mnada nje. Mwaka jana nilinunua papai moja kwa shilingi elfu 15 kwa sababu mwendesha mnada alinitaja jina mbele za watu. Na matangazo, jamani. Nimemwambia paroko wetu uso kwa uso kwamba matangazo yanazidi mahubiri. Akacheka, wiki iliyofuata yakaongezeka.

Basi mimi nilikuja jumuiya kwa sababu ileile yako, nilitaka karatasi. Mtoto wetu wa kwanza alitakiwa kubatizwa, ofisi ya parokia ikasema lete barua ya jumuiya. Nikaenda Jumamosi ya kwanza nimenuna, nikakaa karibu na mlango. Niliendelea kuja kwa kuhesabu wiki, kama mtu anayemaliza kifungo. Nikapata barua, mtoto akabatizwa, nikapotea.

Miezi mitano baadaye baba yangu alikuja Dar kwa matibabu, akafia kwangu. Alifariki saa 9 alasiri. Nilimpigia simu mtu mmoja tu wa jumuiya, mwenyekiti, kwa sababu namba yake ilikuwa kwenye ile barua. Saa 11 turubai lilikuwa limefungwa uani. Sikuliagiza na hadi leo sijui nani alililipia. Mama mmoja ambaye hatukuwahi kuongea aliingia jikoni, akamwangalia mke wangu aliyekuwa analia sakafuni, akauliza kitu kimoja tu: "Unga unakaa wapi?" Kuanzia hapo hatukugusa sufuria kwa siku tatu. Rozari kila usiku, vijana wakalala nje na wanaume wa ukoo. Safari ya kwenda kuzika Moshi walitoa watu wanne, na daftari la rambirambi wakanikabidhi likiwa limejumlishwa hadi shilingi ya mwisho. Mtu ambaye mahudhurio yake yalikuwa Jumamosi sita.

Niliporudi kutoka msibani nikaenda Jumamosi bila kutafuta karatasi.

Lakini usidhani nakupigia debe tu. Malalamiko yako mengine ni ya kweli na mimi nimekuwa sehemu yake.

Nilipokuwa na miaka miwili kwenye ukatibu alikuja kijana mmoja anataka barua ya ubatizo wa mtoto. Nikafungua daftari, jina lake lina vema tatu kwa mwaka mzima. Nikamwambia kwa ile sauti ya kiofisi, "Hudhuria miezi mitatu kwanza, ndugu, halafu tutaongea." Hakubisha. Alisema asante akaondoka. Nikajiona nimetetea imani.

Sijui habari ilimfikiaje paroko, ila aliniita. Hakunigombeza. Aliniuliza maswali matatu: anakaa nyumba ipi, anafanya kazi gani, mke wake anaitwa nani. Sikujibu hata moja. Kumbe kijana ni mlinzi wa usiku, anatoka lindoni saa 1 asubuhi, wakati sisi ndio tunasema "Twende na amani". Vema zake tatu zilikuwa siku tatu za likizo yake. Halafu paroko akanifungulia kanuni ya 1184, ile inayotaja watu wanaoweza kunyimwa maziko ya Kanisa, maana kuna jumuiya zimewahi kutishia hata marehemu. Wametajwa waasi wa imani waliojulikana wazi, wanaochagua miili yao ichomwe moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangekwaza waamini. "Nionyeshe hapa," akasema, "palipoandikwa hakuja jumuiya."

Jumapili ile saa 10 jioni tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, watu tisa. Tukasali kwake. Barua nilikuwa nimeshaiandika, nikampa mlangoni kabla hata ya sala ili asije akadhani ni malipo. Tangu hapo, Jumapili ya mwisho wa mwezi jumuiya yetu inasali jioni, kwa ajili ya walinzi, manesi na madereva. Kwa hiyo wewe mwenye zamu, hilo ni jambo la kwanza kuulizia. Kama jumuiya ya hapo kwenu haina siku ya jioni, omba. Watanung'unika, kisha watakubali.

Kuhusu michango nakuunga mkono nusu. Zaka ni kitu kimoja, unajipimia na dhamiri yako. Lakini lengo la ujenzi linapogawanywa sawa kwa kila jumuiya, yenye wenye magorofa na yenye wapangaji wa chumba kimoja, hapo kuna tatizo, na nimeshalisema kikaoni. Sisi tuna familia 31 kwenye daftari, zinazokuja ni kama 14, na lengo linakuja la 31. Nilichojifunza ni kusema kwa sauti, "Mwezi huu sina." Sijawahi kuona mtu akifukuzwa kwa kusema hivyo. Wanaopotea ni wale wanaoona aibu kulisema.

Sasa la ndoa yako, maana hilo halisubiri. Mambo haya yaanzishe mapema na kwa pamoja. Omba parokia uliyobatizwa ikutolee cheti kipya cha ubatizo, kilichotolewa ndani ya miezi sita. Kile cha zamani ulichohifadhi hakitoshi, kwa sababu kitabu cha ubatizo ndicho kinachoandikwa pembeni kipaimara chako na ndoa kama uliwahi kufunga, na wanataka kuona pembeni pako pako safi. Watakuuliza namba ya LB, yaani namba yako kwenye kitabu cha ubatizo, iko kwenye cheti cha zamani, kwa hiyo usikitupe. Omba pia barua ya jumuiya yako ya Mwanza, hata kama uliondoka bila kuaga. Piga simu, omba radhi, watacheka watakuandikia. Ukifika na barua hiyo mkononi huku Dar unapokelewa kama mhamiaji, huanzi upya. Kisha kuna mafundisho ya ndoa na matangazo ya Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21, kwa hiyo usipange ukumbi kabla ya kuongea na ofisi ya parokia. Nimeona watu wamelipia ukumbi kwenye Kwaresima, wakati ambao kwa kawaida harusi hazifungwi.

Jumamosi hii nenda. Fuata viatu vilivyopangwa mlangoni. Wakikuuliza jina taja na la ubatizo, maana ndilo watakalokuita. Ukiulizwa neno lililokugusa na halipo, sema halipo. Ila chonde, wakikupendekeza kwenye uongozi kabla hujamaliza mwezi, kataa. Mimi nilikubali wiki ya nne baada ya msiba, nikaambiwa ni kwa muda tu mpaka uchaguzi ujao. Daftari liko hapa mezani ninapoandika.